Kima, Punda na Dhamira ya Kuridhika na Kwao katika Vitabu vya Watoto

Katika maduka ya vitabu ya Nairobi hapakosi vijitabu vya picha vya hadithi za wanyama, vilivyokusudiwa watoto wanaoanza kusoma. Dhamira mojawapo inayojitokeza humo mara kwa mara ni ile ya kuridhika na kwao: mnyama huyaacha makazi yake, hupatwa na taabu, kisha hurejea amefunzika. Makala haya hayakusudii kuvijadili vyote. Yanashughulikia kisa kimoja tu, cha kima na papa, na yanauliza kama kisa hicho kweli kinaibeba dhamira ambayo kinatwishwa.

Kijitabu kilichonisukuma kuandika sitakitaja, maana kosa si lake peke yake. Ndani yake kima anaishi katikati ya msitu ulio kando ya bahari. Anachoka na matunda yaleyale, anatamani kuona kwingine, na papa anambeba mgongoni. Huko majini anaambiwa kuwa sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Anarudishwa, anapanda, anaokoka. Katika picha ya mwisho amelikumbatia shina, na mtoto anahimizwa aridhike na nyumbani kwao. (Mchoraji, kwa bahati mbaya, amechora sokwe asiye na mkia. Watoto wa Kileleshwa, ambao huwaona kima na tumbili wakitoka bustani ya Arboretum na kuifuata miti ya mto Kirichwa Kubwa, hawadanganyiki.)

Sasa tumrudie Edward Steere, aliyekichapisha kisa hiki London mwaka 1870 katika mkusanyo wa ngano alizozipata Unguja. Mkusanyo huo niliusoma kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, na nakiri kwamba wakati ule nami niliufurahia moyo ulioachwa mtini nikayapita mengine. Kwa Steere kima hachoki na matunda. Kila siku humtupia papa sehemu yake, na papa ndiye anayemsihi waende kwao ili apate kumlipa fadhila. Kima anasita: yeye ni mnyama wa nchi kavu, ataingiaje majini? Anakubali baada ya kuhakikishiwa kuwa atabebwa. Basi kinachomtoa kwake ni mwaliko wa rafiki aliyekula chakula chake. Msomaji yeyote aliyelelewa pwani anajua kuukataa mwaliko wa namna hiyo ni jambo zito. Mwandishi wa kijitabu ameuondoa urafiki akaweka tamaa, kwa sababu pasipo tamaa hakuna kosa, na pasipo kosa funzo lake halisimami.

La pili ni mti wenyewe. Mkuyu wa Steere una matawi nusu upande wa mji na nusu upande wa bahari. George Bateman alipowasimulia kisa hiki wasomaji wa Kiingereza katika Zanzibar Tales, kitabu kilichotoka Chicago mwaka 1901 kikiwa na michoro ya Walter Bobbett, mji ulitoweka. Ikabaki nchi kavu tu. Kijitabu chetu kimeondoa hata hiyo nchi kavu kikapanda msitu. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini kima wa Unguja ni jirani wa watu, anakaa mpakani, na kwao tangu mwanzo kunaelekea pande mbili. Kima wa msituni hana jirani wala njia, na ni rahisi kumwambia atulie.

Hata hivyo upungufu mkubwa zaidi uko kwa punda. Steere hakukiita kisa hiki kwa jina la kima bali la punda wa dobi, na kwa haki, kwa kuwa kima akiisha kupanda mtini humjibu papa kwa hadithi ya punda huyo. Punda alimtoroka bwana wake akaingia mwituni akanenepa. Simba alikuwa mgonjwa, na sungura akaenda kumshawishi punda kwa maneno ya posa. Mara ya kwanza punda aliponea chupuchupu. Mara ya pili akarudi akauawa. Angalieni alipokosea. Hakukosea alipoondoka kwa dobi, maana huko alikuwa akibeba mizigo na mwituni alistawi. Alikosea alipomwamini mjumbe yuleyule mara ya pili. Hadithi iliyo ndani ya hadithi inaipinga waziwazi dhamira ya kijitabu, na sidhani ni sadfa kwamba punda ameachwa nje.

Tukiviweka visa viwili pamoja muundo unajidhihirisha: sultani mgonjwa na papa wake, simba mgonjwa na sungura wake. Pande zote mbili mkubwa anataka kupona kwa mwili wa mdogo, na anatuma mjumbe mwenye maneno matamu. Hilo ndilo kisa kinalotuonya. Muundo huu si wa Unguja pekee. Umo katika Panchatantra ya Wahindi na katika Kalila wa Dimna, aliyoitafsiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8. Humo katika Kalila kima ni mfalme mzee aliyepinduliwa akafukuzwa, na mti ule ni kimbilio lake. Kwake "kwao" kulikwisha kumtupa.

Itaulizwa: mtoto wa miaka sita ana haja gani na haya yote? Nilimsomea kijitabu hicho binti wa mlinzi wa majengo tunamoishi, ghorofa zilizoota mahali pa nyumba za zamani zenye bustani. Mama yake amekwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, kama walivyokwenda Wakenya wengi. Nilipofika mwisho akauliza kima alikosa nini. Nikamjibu kama kilivyosema kijitabu, kwamba hakuridhika na kwao. Hakuniuliza tena, naye alikuwa na desturi ya kuuliza.

Sikatai kwamba watoto wapendeshwe kwao. Lakini msemo kuwa mwacha asili ni mtumwa hauelekei kwa mtu aliyetumwa na njaa, wala haumgusi aliyemtuma papa. Mchoraji atakayekichora kisa hiki upya aanze na mkuyu: upande mmoja mapaa ya nyumba na watu sokoni, upande wa pili maji. Sultani naye achorwe kitandani, maana katika kijitabu kizima hakuna ukurasa hata mmoja unaomwonyesha. Na punda arudishwe, mnene, na majani mdomoni.