Uzi wa Mwashi na Tairi la Nyuma

Chamazi, Dar es Salaam, ni eneo la nyumba zinazoendelea kujengwa, na uzi wa mwashi, ule wa nailoni wa kunyooshea kozi za tofali, haukosekani kwa jirani. Uzi huo, rula na vishikizo vinne vinatosha kupima mwelekeo wa matairi ya nyuma uani, kazi inayostahili heshima kuliko inayopewa. Alaimenti ya mitaani huishia mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari liende limekaaje. Yote mawili yakitazama kushoto kidogo, mkia hukimbilia kushoto, dereva naye hukunja usukani kushoto ili aende sawa. Fundi anayeunyoosha usukani huo bila kutazama nyuma ameficha ugonjwa.

Ufundi wenyewe umo katika kutega nyuzi. Hukaa kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, mmoja kila upande, zikiachana kwa upana uleule mbele na nyuma, na gari katikati yake. Wengi huharibu hapa: huegemeza uzi kwenye matairi yenyewe, ilhali ekseli ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazilingani upana, hivyo uzi umekwenda upande kabla rula haijashikwa. Kisha hupimwa kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu wa nyuma. Kwa rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 1 ni takriban sehemu ya saba ya digrii. Rimu iliyopigwa na mashimo hudanganya, kwa hiyo gari husukumwa gurudumu lizunguke nusu, nyuzi zitegwe tena, wastani uchukuliwe.

Mashine ya alaimenti ya kamera ni sahihi zaidi, hilo halina ubishi, na mchanga wa uani si sakafu. Afadhali penye zege. Pingamizi zito ni jingine: Toyota IST inayoendeshwa na magurudumu ya mbele ina boriti moja nyuma, isiyo na boliti ya kurekebishia. Upime ili iweje? Kwa sababu hiyohiyo. Pasipo cha kukaza wala kulegeza, kipimo kilichopotoka sana kina maana kwamba boriti imepinda, bushi zimekwisha, au gari liligongwa kabla halijapakiwa melini Japani. Anayelijua hilo halipii tena alaimenti ya mbele, wala hanunui tairi jipya liliwe upande kama la kwanza. Anampeleka fundi chini ya boriti.