Kapu, Chungu na Dubu wa Mti

Msomaji, wako watu wasemao kwamba kazi ya mkono hupoteza heshima yake siku ile inapofanywa ili iuzwe kwa mgeni. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Natulipime kwa kazi za Wacherokee, wenyeji wa asili wa kusini mashariki ya Marekani. Mwaka 1838 wengi wao walifukuzwa na askari wakapelekwa magharibi, na maelfu walikufa. Wachache walisalia katika milima ya North Carolina, na wazao wao wangali wanakaa huko, mahali paitwapo Qualla. Kazi za hao ndizo tutakazozitazama.

Kwanza litazame kapu. Mianzi hupasuliwa na kukwanguliwa hata ikawa myembamba kama ukindu, kisha hutiwa rangi za mizizi ya miti na mimea. Kapu lililo bora kupita yote ni lile la kuta mbili. Msusi huanzia kitako cha ndani, hupanda mpaka mdomoni, kisha hugeuza asishuke kwa mkato bali kwa mianzi ile ile, hata akafika kitako cha nje. Hakuna mshono. Akikosea kuhesabu chini, ua lote huharibika juu. Ufundi huu ulikuwa karibu kupotea Qualla. Lottie Queen Stamper, aliyefundisha ususi katika skuli ya Wacherokee tangu mwaka 1937, aliufufua kwa kuchunguza picha ya kapu la kale lililovushwa bahari katika karne ya 18 na kuwekwa katika jumba la makumbusho la London. Hakuwa na mtu wa kumwelekeza. Kapu lenyewe lilikuwa kitabu, naye alijua kukisoma.

Sasa litazame chungu. Kwa muda mrefu wafinyanzi wa Qualla walivisugua vyungu vyao kwa jiwe hata viking'aa, na moshi wa kuni ukavitia weusi. Mabibi wa zamani walifanya vingine: walivipigapiga vyungu vibichi kwa kibao kilichochongwa nakshi, na nakshi ikabaki katika udongo. Mwanzoni mwa karne ya 21 wafinyanzi waliirudia njia hiyo. Basi hata chungu kina deni kwa mchonga mti.

Na mchonga mti tumtazame Amanda Crowe, aliyezaliwa mwaka 1928. Alisoma sanaa Chicago, akarudi kwao mwaka 1953 akafundisha uchongaji kwa karibu miaka 40. Dubu wake hawana manyoya yaliyochorwa moja moja. Ni laini, na mishipa ya mti huzunguka mgongo na tumbo kana kwamba mti uliota ukijua utakuwa dubu. Dubu hao waliuzwa kwa watalii. Je, wamepungukiwa na nini? Mimi sioni.

Lakini zamani, katika barabara za huko huko, wako waliosimama wamevaa mataji marefu ya manyoya, ambayo si vazi la Wacherokee bali la makabila ya nyanda za mbali, ili wapigwe picha na wageni. Hiyo nayo ilikuwa riziki, wala siwacheki waliokuwa na njaa. Ila hapo mgeni ndiye aliyechagua sura, na mwenyeji akaivaa. Kwa dubu na kapu, fundi ndiye aliyechagua. Mafundi wa Qualla waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1946, na mtu hapokelewi mpaka kazi yake ikaguliwe.

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakunena kwamba chema hakiuzwi. Basi, msomaji, usimamapo mbele ya kazi ya mkono, usiulize kwanza nani atainunua. Uliza ni nani aliyeamua iwe hivyo ilivyo, kisha igeuze utazame kitako chake.