Douglas Adams na Tatizo la Mwisho

Wapo wanaomhesabu Douglas Adams kuwa mchekeshaji tu, aliyepotea njia akaingia katika hadithi za kisayansi. Mimi namwona kuwa mtu wa redio. Na aghalabu yaliyo mazuri na yaliyo mabaya katika riwaya zake yametoka huko.

Mchezo wake, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ulianza kusikika BBC mwezi Machi 1978, na kitabu kikafuata mwaka 1979. Arthur Dent anaamka na kukuta nyumba yake yataka kubomolewa kupisha barabara. Kabla ubishi haujaisha, dunia nzima nayo inabomolewa kupisha barabara ya angani. Ramani, wenye mamlaka wanasema, zilikuwa zimebandikwa miaka 50, tena katika ofisi iliyo kwenye nyota nyingine! Hiyo ni kejeli iliyokomaa: sayari inakufa kwa sababu ya faili, na karani mwenyewe hana chuki na mtu.

Lakini mchezo wa kila wiki hauhitaji mwisho. Unahitaji kumwacha msikilizaji roho juu. Basi kitabu cha kwanza kinakatika wahusika wakienda kula. Cha tatu, cha 1982, kilijengwa juu ya hadithi aliyoikusudia Doctor Who, mchezo wa televisheni, isitumike. Na kiraka kinaonekana. Dirk Gently ya 1987 nayo imeokota vipande vya miswada yake ya mchezo huohuo, ingawa hapo ushonaji ni bora zaidi. Ili kitabu cha nne kimalizike, mhariri wake Sonny Mehta alilazimika kuhamia naye hotelini, na ukikisoma unahisi mlango uliofungwa. Katika Mostly Harmless ya 1992 anaiangamiza dunia tena, safari hii, naona, kwa uchovu.

Kitabu chake ninachokiweka juu ya vyote si riwaya. Ni Last Chance to See cha 1990, alichoandika na Mark Carwardine baada ya vipindi vya redio vya 1989. Walizunguka kuwatafuta wanyama waliokaribia kutoweka: kasuku wa New Zealand asiyeruka, pomboo wa mto Yangtze, faru weupe wa kaskazini katika mbuga ya Garamba, nchi ikiitwa Zaire wakati huo. Hapa mwisho haukuwa mikononi mwake, na nathubutu kusema hilo lilimwokoa. Karani na faili wamo vilevile, maombi ya vibali yamo, ila sasa kinachofutwa kina pua na masikio. Anamcheka yule kasuku, naam, lakini kama mtu amchekavyo mjomba wake. Mwaka 1994 alijiunga na matembezi ya kuelekea Kilimanjaro ya kuchangia uhifadhi wa faru, akivaa vazi la faru sehemu ya njia.

Ningependa angeandika kingine kama hicho. Badala yake filamu ya ule mchezo wa kwanza ilimla miaka; mwaka 1999 alihamia California kwa ajili yake, akafa Mei 2001 akiwa na miaka 49. Filamu ilitoka 2005.

Sudan, dume la mwisho la faru wale wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Walibaki majike wawili, mama na binti. Sura ya Garamba naisoma polepole siku hizi, na vichekesho vyake vyote vingali vinachekesha.