Fani na Maudhui ya Maombi ya Uhamisho
Juzi nilihakiki kazi yangu mwenyewe: maelezo ya kuomba kuhamia chuo kingine. Fani safi, maudhui, uongo mtupu. Msimulizi anadai aliipenda fasihi "tangu utotoni". Mimi utotoni nilipenda mpira bwana! Shaaban Robert aliandika Baada ya Miaka Hamsini akiwa ameyaishi anayoyasimulia. Mwombaji wa miaka 21 husimulia asiyoyaishi, kwa kumwogopa msomaji mmoja tu, mwenye muhuri. Ndiyo maana maombi yetu yote yanafanana. Dhamira ikikopwa, fani haiiokoi. Basi nikafuta, nikaandika: mama anaumwa, nataka kusoma karibu naye, na fasihi siiachi. Mistari miwili. Wahakiki wenzangu, mtasema haina mvuto. Sawa, lakini msimulizi sasa ni mimi. Naituma hivyo hivyo.