Kila Uso Upate Zamu

Kamera inaanza kwa soprano wa mwisho kushoto. Inatembea taratibu mbele ya safu, inawapita waimbaji wa alto, inawapita wa tena, inafika kwa besi, inatulia kidogo, kisha inarudi ilikotoka. Hakuna uso uliorukwa. Mwenye sauti ya dhahabu na yule aliyeambiwa na mwalimu wa kwaya afumbue mdomo tu, wote wamepata sekunde zao mbili. Aliyekulia kwenye nyumba yenye deki miaka ya 2000, iwe Mwanza, Kisumu au Bukavu, anaujua mwendo huo hata akifumba macho.

Vijana wa Bongo Fleva huzicheka video za kwaya: bustani zilezile, sare zinazometameta, mikono inayopaa kila mbingu inapotajwa, mpiga kinanda anayebonyeza kwa bidii chombo kisicho na waya juu ya mchanga wa ufukweni. Wanazipima kwa kipimo cha msanii mmoja na gari lake. Kwa kipimo hicho zinaanguka, na ni haki zianguke, maana hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tazama kwanza zinavyokatwa. Ubeti wa kwanza kwaya imesimama ufukweni na majoho ya bluu. Kiitikio kinapoingia, watu walewale, kwa mpangilio uleule, wako bustanini na vitenge. Hakuna aliyesafiri, hakuna aliyebadili nguo mbele yetu, na wimbo haukukatika hata kidogo. Katika filamu ya hadithi mruko wa namna hii ungetaka maelezo. Hapa hautaki, kwa sababu sauti ndiyo inayoshika saa na picha inaifuata nyuma. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila video ya muziki duniani, lakini video ya kwaya inaweka mambo wazi zaidi: mahali panabadilika, safu haibadiliki. Ukiitazama mara mbili tatu unaacha kutazama bahari. Unachofuata ni mpangilio wa watu.

Hata ukubwa wa picha unatoka ndani ya wimbo. Msoloisti akitoa ubeti, tunaonyeshwa uso wake peke yake. Wenzake wakipokea, kamera inarudi nyuma mpaka safu nzima iingie. Wimbo wa kuitikizana tayari umeshampa mpiga picha maelekezo yake. Yeye kazi yake ni kutii.

Kuhusu bustani sina mengi. Ni zilezile ambako maharusi hupelekwa kupigwa picha, na kwaya inakwenda huko kwa sababu ileile: ni mahali safi, pana maua, na hapafanani na nyumbani. Wimbo unaweza kuwa unazungumzia jangwa, waimbaji wakasimama juu ya majani mabichi yaliyotoka kumwagiliwa, na hakuna atakayelalamika.

Kinachonishika zaidi ni maigizo. Wimbo unamtaja mlevi, basi anaonekana mlevi: shati limetoka nje, chupa mkononi, mke kashika tama mlangoni. Picha inayofuata ni safu ya kwaya, na ukiangalia vizuri, mlevi yule yumo, wa tatu kutoka kulia, kachomekea, tai imekaa sawa, anaimba sauti ya tena. Mtazamaji wa haraka atasema walikosa fedha za kuajiri mwigizaji. Huenda ni kweli. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye dhambi hajatoka kwa majirani. Ni wa kwetu, na kwenye kiitikio anapokewa bila neno la ziada. Ushuhuda unaosimuliwa kanisani kwa dakika ishirini, hapa umekamilika kwa mkato mmoja wa mhariri.

Kazi yenyewe ya video hizi ilikuwa nini? Kulikuwa na uzinduzi wa albamu, mgeni rasmi, nakala ya kwanza kununuliwa kwa fedha ambazo hakuna duka lingezipata, na makusudio yaliyotangazwa: vyombo, basi la kwaya, paa la kanisa. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa wazazi, wakwe na waumini wenzao. Mama aliyenunua nakala alikuwa anamtafuta binti yake, na asipomwona mtu ataulizwa Jumapili. Mwendo ule wa kamera mbele ya safu ni ugawaji, na ugawaji lazima uwe wa haki. Ndiyo maana maandishi chini ya picha hutaja kwaya na usharika au parokia, na mara nyingi hayataji mtu. Kijitonyama, Chang'ombe, Makuburi: kuna watu ambao hawajawahi kufika Dar es Salaam na wanaijua mitaa yake kupitia kwaya. Wimbo wa "Hakuna Mungu Kama Wewe" wa Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama umezunguka Afrika Mashariki nzima, na wengi wanaouimba hawawezi kukutajia hata mwimbaji mmoja.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1975 bendi ya Queen, iliyoongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, ilitengeneza video ya "Bohemian Rhapsody" ili kipindi cha BBC cha Top of the Pops kiwe na cha kuonyesha bila bendi kuwapo studio. Vichwa vinne gizani, kisha lenzi inavizidisha mpaka vinakuwa umati, kama vile sauti zao zilivyorundikwa moja juu ya nyingine studio. Wanne walitaka kuonekana kwaya. Kwaya zetu zina watu arobaini halisi, kwa hiyo shida yao ni kinyume: wote waingie, na asipotee mtu.

Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali ilipata ajali ya barabarani mwaka 2011 katika safari ya Tanzania, wanakwaya watatu wakafariki. Video za kabla ya hapo zimebaki na watu wote mahali pao. Kamera iliyogawa sekunde mbili kwa kila uso haikujua inamgawia nani.

Sasa mtindo unaotawala ni rekodi ya jukwaani, kwa mfano wa Joyous Celebration ya Afrika Kusini: taa za zambarau, maikrofoni nyingi, hadhira imeinua mikono. Kuna faida ya kweli. Mdomo na sauti ni vya wakati mmoja, jasho linaonekana, anayekosea anasikika. Lakini taa inamfuata kiongozi, na walio nyuma wamekuwa vivuli vinavyoyumba pamoja. Zabron Singers wa Kahama wameponea hapo kwa sababu walianza kama kundi la familia. Ni wachache, kila uso unajulikana. Kwaya ya watu arobaini inabanwa na YouTube yenyewe, inayotaka picha moja ya kubandika mbele ya video, na uso mmoja uliofumba macho unavuta watazamaji kuliko safu. Zipo kwaya za parokia ambazo bado hubandika safu nzima, nyuso ndogo kama punje, kwenye simu humtambui mtu. Ni utangazaji mbaya, na sidhani kama walimu wao hawajui.