Jalada la Ngozi na Maana ya Uzuri

Inapotajwa sanaa ya taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, vinyago na ushairi. Ni nadra mtu kumtaja fundi wa majalada. Hata hivyo, neno lenyewe jalada lamtetea: asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya ngozi. Hivyo hata tuyaitapo majalada yale ya kadibodi yaliyomo maofisini, twaitaja ngozi bila kujua. Katika makala haya tunakusudia kuuliza: jalada zuri la ngozi ni lipi, na ni nani alihukumuye?

Na tuanze na Siyu, mji ulioko katika kisiwa cha Pate, visiwani Lamu. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huo ulisifika kwa wanazuoni wake, na pia kwa mafundi wake wa ngozi. Misahafu ilinakiliwa huko kwa mkono, kisha ikatiwa majalada. Jalada la ngozi la jadi ya Kiislamu kwa kawaida huwa na ulimi, yaani kipande kinachotoka katika ubao wa nyuma, kikauzunguka ukingo wa kurasa na kuingia chini ya ubao wa mbele. Ulimi huo wapendeza, lakini haukuwekwa kwa ajili ya kupendeza tu. Kazi yake ni kuukinga ukingo wa kurasa na vumbi na michubuko. Nakshi nayo hugandamizwa kwa muhuri katikati na pembeni, pasipo kuidhoofisha ngozi. Siyu ilishindwa na majeshi ya Sultani wa Unguja mwaka 1863. Lakini misahafu yake kadhaa ingali inasomeka hadi leo. Hapo twapata kipimo chetu cha kwanza: jalada ni mtumishi wa maandishi.

Sasa tukitumie kipimo hicho kwa kazi za siku zetu. Miaka michache iliyopita tulipewa zawadi ya jalada la ngozi la kuwekea karatasi. Usoni lilikuwa na twiga aliyegandamizwa kwa ustadi, na kila aliyeliona alilisifu. Kabla mwaka haujaisha, mgongo wake ulipasuka, na insha za wanafunzi zikatawanyika sakafuni. Tulipolichunguza tuliona sababu. Nafasi kati ya kadibodi mbili ilikuwa ndogo mno. Haina budi itoshe unene wa karatasi zitakazowekwa pamoja na unene wa kadibodi zenyewe, ili ngozi ikunjike bila kuvutwa. Kingo za ngozi hazikupunguzwa kwa kisu kabla ya kukunjwa ndani, kwa hiyo zilivimba na gundi ikaachia. Mshono ulikuwa wa cherehani. Ulipokatika mahali pamoja ukaanza kufumuka. Mshono wa sindano mbili, zinazopishana katika kila tundu, hauna udhaifu huo, kwani uzi mmoja ukikatika wa pili hushikilia.

Twiga naye alikuwa amefifia. Ngozi iliyosindikwa kwa kromiamu ni laini na hustahimili maji, lakini haishiki muhuri vyema. Ile iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama vile miwati ipandwayo Njombe, ikiloweshwa kidogo huipokea alama na kuitunza. Basi fundi yule alikosea hata katika lile alilolipenda zaidi, yaani pambo.

Huenda tukajibiwa kwamba fundi hana kosa: mnunuzi wake ni mgeni mpita njia, naye humtazama twiga, hautazami mshono. Hoja hii ina uzito, maana fundi ana watoto wa kulisha. Wala hatusemi twiga asichorwe. Mafundi wa zamani nao walipamba. Tunalosema ni kwamba lawama kubwa ni yetu sisi walimu na wahakiki. Tumezoea kuisifu nakshi na kupita, tukamwachia mpita njia kazi ya kuhukumu. Kama fundi ajua kwamba hakuna atakayelifungua jalada lake na kulitazama ndani, kwa nini ajichoshe kupunguza kingo? Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Lakini chajiuza kwa mwenye macho ya kukitambua tu. Macho hayo yasipofunzwa, kibaya nacho hujiuza, na ufundi hufa huku maduka yamejaa.

Kwa hiyo twapendekeza kazi moja ndogo kwa shule za sekondari. Kila kidato kitengeneze jalada moja la kuhifadhia insha zake bora. Vifaa si vingi: kipande cha ngozi, kadibodi, gundi ya unga wa ngano, msharasi, sindano mbili, na uzi uliopakwa nta. Wanafunzi wapime nafasi ya mgongo, wapunguze kingo, watoboe matundu kwa umbali ulio sawa. Pambo liwe la mwisho. Lakini mwalimu asitoe alama siku hiyo. Jalada litumike, lifunguliwe na kufungwa mwaka mzima, ndipo darasa likae na kulihakiki, likianzia ndani.