Nyundo, Puli na Chekeche: Jinsi Mashine ya Unga Inavyoundwa katika Karakana za Shinyanga na Geita

Mashine ya kusaga nafaka inayoundwa katika karakana ndogo za ukanda wa Shinyanga, Kahama na Geita kwa kawaida ni kinu cha nyundo, yaani mashine ambayo ndani yake vipande vya chuma vilivyoning'inizwa kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi huipiga punje ya nafaka hadi ivunjike, kisha chembe zake hupenya katika matundu ya bati linaloitwa chekeche na kutoka zikiwa unga. Kusaga, kwa maana ya asili ya neno hilo, ni kusugua nafaka kati ya mawe mawili, kama walivyofanya wanawake wa Usukuma kwa jiwe bapa la chini na jiwe dogo la kusukumwa kwa mikono. Kinu cha nyundo hakisugui, bali hupiga, na kwa hiyo kitendo chake kinakaribiana zaidi na kutwanga kwa mchi. Tofauti hii si ya msamiati tu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini fundi wa kuchomelea, asiye na kiwanda wala vipimo vya hali ya juu, anaweza kuunda mashine inayolisha kijiji kizima.

Mashine inayosaga kwa mawe au kwa sahani mbili za chuma hudai nyuso zilizo bapa kabisa na zinazotazamana sambamba, maana zikipishana kidogo tu upande mmoja husaga na mwingine hupitisha punje nzima. Kinu cha nyundo hakina masharti hayo. Kati ya ncha ya nyundo na chekeche huachwa nafasi ya takribani milimita 8 hadi 12, na kosa la milimita moja au mbili katika nafasi hiyo hupunguza ufanisi lakini haliifanyi mashine ishindwe kazi. Bodi yake huundwa kwa bati nene lililokunjwa na kuchomelewa, shafti mara nyingi hukerezwa kutoka katika ekseli ya gari lililokwisha, na beringi hununuliwa dukani zikiwa na vikombe vyake. Ukanda huu wa machimbo ya dhahabu una mitambo mingi ya kuhudumiwa, hivyo una mafundi wengi na vyuma chakavu vingi, na hilo limeusaidia ufundi huu pamoja na kazi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa lengo la kuendeleza viwanda vya namna hii.

Jambo la kwanza linaloamua kama mashine itatoa unga au chenga ni kasi ya ncha ya nyundo. Punje ya mahindi iliyokauka hupasuka vizuri inapopigwa kwa kasi ya kati ya mita 60 na 100 kwa sekunde. Chini ya hapo hurukaruka ndani ya bodi, hupata joto na huvunjika vipande vikubwa visivyopita kwenye chekeche. Kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha duara linalochorwa na ncha za nyundo kwa 3.14, kisha kwa idadi ya mizunguko katika sekunde moja. Kwa mashine yenye kipenyo cha sentimita 50 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, sawa na mara 50 kwa sekunde, jibu ni mita 78.5 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 280 kwa saa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoongoza uchaguzi wa puli, yaani magurudumu yanayobeba mikanda kutoka kwenye injini hadi kwenye kinu. Injini ya dizeli ya mwendo wa polepole, ya aina iliyozoeleka vijijini kwa miongo mingi, huzunguka takribani mara 850 kwa dakika, hivyo ili kinu kifikie mizunguko 3,000 puli ya injini sharti iwe kubwa mara tatu na nusu kuliko puli ya kinu: ya kinu ikiwa na kipenyo cha sentimita 15, ya injini huwa na sentimita 53. Mota ya umeme ya aina inayotumika sana huzunguka takribani mara 1,450 kwa dakika, na kwa kinu kilekile huhitaji puli ya sentimita 31 pekee.

Hapa ndipo panapojificha hatari ambayo wenye mashine wengi hawaifikirii. Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilipoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya kanda hii, na wamiliki wa vinu wamekuwa wakiondoa dizeli na kufunga mota. Anayehamisha puli ya zamani ya sentimita 53 na kuifunga kwenye mota ya mizunguko 1,450 hukiendesha kinu chake kwa mizunguko zaidi ya 5,100 kwa dakika, na kwa kuwa nguvu inayozivuta nyundo kutoka katikati kwenda nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, pini zinazoshika nyundo hizo hubeba karibu mara tatu ya mzigo zilioundiwa. Mota yenye nguvu ndogo italemewa na kuungua kabla ya kufika huko, ila yenye nguvu ya kutosha itafika, na pini ikikatika nyundo hutoka kupitia bati la bodi kama kombora, mbele ya watu waliopanga foleni na ndoo zao. Kwa sababu hiyo, kubadili chanzo cha nguvu bila kukokotoa puli upya ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, na fundi anayefunga mota hapaswi kuondoka kabla ya kuifanya hesabu hiyo mwenyewe.

Nyundo zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Chuma laini cha ujenzi hulika haraka, kona zake huwa duara, na nyundo yenye kona duara husukuma punje badala ya kuipasua. Ndiyo maana mafundi hupendelea springi bapa za magari, ambazo chuma chake kina kaboni nyingi zaidi na huweza kutiwa ugumu kwa moto. Springi hukatwa vipande, hutobolewa, kisha ncha zake hupashwa moto hadi ziwe nyekundu iliyokolea kiasi kwamba sumaku haizishiki tena, na hapo huzamishwa katika oili. Kuishia hapo ni kuacha kazi nusu, kwa sababu chuma kilichopozwa ghafla hivyo ni kigumu lakini huvunjika kama kigae. Sharti kipashwe tena kwa moto mdogo ili kirudishiwe unyumbufu. Sehemu yenye tundu la pini iachwe bila kutiwa ugumu, kwani ndipo nyundo inapovutwa. Nyundo iliyotobolewa ncha zote mbili ina kona nne za kufanyia kazi, na mwenye mashine mwangalifu huigeuza kila kona inapolika, hivyo seti moja humfaa muda mrefu mara nne.

Baada ya ugumu wa chuma hufuata usawa wa uzito. Ikiwa nyundo mbili zinazotazamana zinapishana kwa gramu 10 tu, na uzito huo uko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 3,000 tofauti hiyo huivuta shafti upande mmoja kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20, na upande huo hubadilika mara 50 kila sekunde. Mtetemo unaosikika miguuni mwa anayesimama karibu na mashine mbovu chanzo chake ni hicho, nao ndio unaoua beringi na kulegeza boliti za msingi. Dawa yake ni kupima nyundo moja moja kwenye mizani, kuzipanga jozi zenye uzito sawa, na kuziweka kila jozi pande zinazokabiliana. Katika eneo ambalo mizani ya dijitali ya kupimia dhahabu inapatikana kila mji mdogo, hakuna sababu ya fundi kukisia uzito kwa mkono.

Chekeche ndicho kiungo ambacho karakana ndogo haiwezi kukiunda vizuri. Unga laini wa ugali hudai matundu ya takribani milimita moja au pungufu, wakati chakula cha kuku huridhika na milimita tatu. Na matundu madogo hivyo hayatobolewi kwa msumari na nyundo ya mkono, kwani msumari huchana bati, huacha matundu yasiyolingana, na huacha midomo mikali inayokatika na kuingia katika unga. Chekeche hununuliwa limekwisha kutobolewa kiwandani. Kwa kuwa bati la matundu madogo lazima liwe jembamba, huchanika kirahisi linapogongwa na msumari au jiwe lililochanganyika na nafaka, na fundi mzuri hulikinga kwa kuweka sumaku kwenye mdomo wa kulishia, unaoitwa hopa, ili inase chuma kabla hakijafika ndani. Sumaku hii ni ya bei ndogo mno kulinganisha na faida yake, na mashine isiyo nayo haijakamilika.

Nafaka za kanda hii nazo zina tabia zake. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 14 huziba matundu na kutoa unga wenye joto unaochachuka upesi; mtama na uwele, mazao ya sehemu kavu za Shinyanga, yana punje ndogo na hudai chekeche laini zaidi; udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, huvunjwa kwanza vipande vidogo, na vumbi lake jepesi huhitaji feni na pipa la kukusanyia lenye mfuko mrefu wa kitambaa unaopitisha hewa na kubakiza unga.

Karakana zilezile huunda pia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu katika mialo, yaani sehemu za uchenjuaji, za maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa. Karasha ni pipa zito la chuma lililolala, lenye mipira ya chuma ndani yake, nalo hutii kanuni iliyo kinyume na ya kinu cha unga: pipa la kipenyo cha sentimita 80 likifikia takribani mizunguko 47 kwa dakika, mipira hung'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kuanguka, hivyo husaga vizuri kati ya mizunguko 31 na 35 tu. Kasi ya kinu cha unga ni karibu mara 90 ya hiyo. Fundi anayeimudu mashine moja hajaimudu nyingine kwa hilo tu, ingawa shafti, beringi na mota ni za aina moja.

Ukaribu huo wa mashine mbili ndio unaodai tahadhari ya mwisho. Kinu cha nyundo kinaweza kusaga mawe yakiwa makavu, na kwa mchimbaji asiye na fedha za karasha kishawishi ni kikubwa. Katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mashine za kusagia unga zilitumika kusaga mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi, hata ndani ya nyua za nyumba, na mwaka 2010 iligundulika kwamba vumbi lake lilikuwa limewaua watoto wasiopungua 400. Mawe ya kila eneo yana madini yake, lakini mawe mengi ya dhahabu hubeba risasi au aseniki, na vumbi la mwamba mkavu huharibu mapafu hata lisipokuwa na sumu hizo. Vumbi hilo hukaa katika mishono ya kuchomelea, nyuma ya chekeche na ndani ya feni, mahali ambapo maji na brashi havifiki. Mashine iliyosaga mawe hata siku moja isirudishwe kwenye nafaka. Fundi anayeiuza amweleze mnunuzi historia yake, na mnunuzi aulize kabla ya kutoa fedha.